Walinifungia Turubai Nikiwa Hai

Dada yangu, kama umetoka kwa daktari leo, na ndani ya mkoba wako kuna vidonge vidogo vyeupe vya kuzuia homoni, na umeambiwa umeze kimoja kila siku kwa miaka mitano, sogea hapa tuongee. Sitakueleza homoni ni kitu gani, maana na mimi nilielezwa zaidi ya mara moja, nikaitikia "ndiyo, daktari" bila kuelewa. Nitakusimulia yaliyonipata mimi Nakijwa, mwalimu wa darasa la nne hapa Kibondo, Mpare wa Same niliyeolewa na Muha wa Muyama. Nina zaidi ya miaka miwili nameza. Niko hai, nimenenepa, na mdomo wangu bado unafanya kazi kama zamani.

Titi la kushoto lilitolewa Mwanza mwaka 2012, mvua zikielekea ukingoni. Zikafuata dripu, ambazo zilinipukutisha nywele, kope na nyusi, nikawa nawatazama watu kama yai lenye macho. Dripu zina simulizi yake na wengine wameshasimulia vizuri. Kiangazi cha 2013 daktari akaniambia kazi ngumu imekwisha, imebaki kumeza kidonge tu. Nikarudi Kibondo nimejaa furaha, nikafikiri ni kama vile vidonge vya malaria, unameza, unasahau, unaendelea na maisha.

Weeeh! Kibondo mwezi wa sita na wa saba ni baridi. Asubuhi watu wanakwenda shambani wamevaa makoti ya mitumba, wanapuliza viganja. Mimi nimesimama ubaoni nafundisha hesabu za sehemu, mara joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linaingia kichwani, jasho linashuka mgongoni kana kwamba nimebeba gunia la mahindi. Nikavua sweta. Nikavua na koti lililokuwa chini ya sweta, maana niliyavaa kinyume kwa haraka za asubuhi. Wanafunzi wakaacha kuandika. Mmoja wa mbele akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umekasirika?"

"Sijakasirika," nikamwambia. "Naiva."

Darasa zima likacheka, nikacheka nao. Kuanzia siku hiyo wakiona naanza kupepea daftari wanaambizana, "Mwalimu anaiva," halafu wanaendelea na hesabu zao.

Viungo navyo viligoma. Asubuhi vidole vilikuwa vimekaza, chaki inaniponyoka, magoti yanalia nikiinuka kitandani. Nikagundua kwamba nikitembea taratibu mpaka shuleni badala ya kupanda bodaboda, nikifika vinakuwa vimelainika. Hasira ndiyo ilikuwa balaa. Kuna siku nilimfokea mkuu wa shule kwa sababu aliniambia "habari za asubuhi". Habari gani za asubuhi? Maskini yule baba alisimama mlangoni na salamu yake mkononi, hajui aiweke wapi. Siku zangu za mwezi zilikata, tumbo likaongezeka, nguo zikanibana. Mambo ya chumbani siandiki hapa, ila nakuambia, muulize muuguzi. Usione haya. Yapo ya kusaidia, na mimi nilichelewa kuuliza kwa sababu ya aibu ya bure.

Baba Neema, mume wangu Ezekieli, ni bwana shamba. Mwaka huohuo alihamishiwa Kasulu, akawa anakuja Kibondo mwisho wa wiki. Siku akija, mimi nafukuza blanketi, yeye analivuta. Nafungua dirisha, yeye anafunga. "Mama Neema, una joto kama jiko," analalamika, anasogea ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nacheka, lakini kusogea kule kuliniuma. Nilijiambia ameanza kunizoea kama mgonjwa, hanitazami tena kama mke.

Mama yake ndiye aliyenipa vita ya waziwazi. Tunamwita Bibi, kwa jina la watoto. Ni mwanamke wa Muyama kwelikweli, amelima kahawa na maharage maisha yake yote, na neno lake nyumbani ndilo la mwisho. Alikuja kunitazama, akakaa na mimi wiki nzima, akanichunguza kwa jicho la mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mwana wanje," akaniambia kwa Kiha, yaani mwanangu, "hivi vidonge vinakukausha. Watu wanatetemeka kwa baridi, wewe unatoka jasho. Siku zako zimekata. Vidole vimekaza. Ugonjwa si walishautoa Mwanza?"

"Waliutoa, Bibi."

"Sasa unameza nini?"

Nikajaribu kumweleza kwamba kidonge kinazuia ugonjwa usirudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kitu ambacho hakipo hakizuiliwi. Acha hivyo, ule vizuri, upumzike." Na kusema ukweli, asubuhi zile ambazo siwezi kufunga vifungo vya blauzi, nilimwona ana akili kuliko daktari.

Halafu gharama. Kadi yangu ya bima ilinisaidia kumwona daktari na kupima. Lakini nikifika dirisha la dawa, mara nyingi nilijibiwa haipo, kanunue nje. Kibondo haikuwepo. Kasulu Baba Neema alizunguka maduka yote ya dawa, wakamwonyesha za tumbo na za mafua. Ikawa ni Mwanza tu: basi la alfajiri, vumbi mpaka Nyakanazi, unafika umekuwa mwekundu kuanzia nyusi mpaka kandambili, unatafuta pa kulala, na kesho yake foleni. Nauli na malazi vilikuwa vinashindana na bei ya dawa yenyewe. Na Neema wetu alikuwa anasoma Tabora, ada yake inasubiri.

Baba Neema akapendekeza auze kipande cha shamba la kahawa kule Muyama. Bibi akawaka. "Shamba la baba yenu liuzwe kwa ajili ya jasho?" Tangu hapo mume wangu hakulitaja tena shamba. Nikimpigia simu kumwambia vidonge vinakaribia kuisha, jibu lake ni moja: "Tutaona." Nililichukia lile neno. Nikikata simu nalia, nikimaliza kulia naiva, nikimaliza kuiva nasahihisha madaftari.

Lakini sikuwa peke yangu. Kwenye benchi la kliniki kule Mwanza nilikaa na Mama Furaha, Mkongo anayeishi kambini Nyarugusu, anauza vitenge na sabuni. Tulingoja tangu asubuhi mpaka vivuli vimehamia upande wa pili wa ua. Joto likanipanda, nikaanza kujipepea kwa kadi ya kliniki. Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, weka hii ku shingo," akasema. "Miye natembeaka na yangu kila fasi. Moto ikikuya, ninaweka, inatulia."

Nikaweka. Haki ya Mungu, nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha mwilini. Tukacheka, tukapokezana kitambaa kama watoto wanaogawana pipi. Tulirudi kwenye basi moja, mimi nikashuka Kibondo, yeye akaendelea kwenda Makere, karibu na kambi yao. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila kitambaa changu. Siku hiyohiyo pia nilimuuliza muuguzi kama naweza kukata kidonge nusu kwa nusu ili kifike mbali. Akanitazama juu ya miwani. "Ukitaka kukata, kata kitenge," akasema. "Kidonge kinamezwa kizima." Na wewe usikate, dada.

Sasa ndio nafika penyewe. Mwaka 2014, mvua zilipokwisha, chupa yangu ilikuwa inalia kwa uchache nikiitikisa. Mshahara ulikuwa umekwenda kwenye ada. Nilibaki na vidonge vya siku chache na neno la "tutaona". Nikakaa nikafikiri, nani mwingine ana hela yangu? Nikakumbuka chama.

Sisi watumishi tuliotoka mikoa mingine tuna chama cha kufa na kuzikana. Huku ni mbali. Mtu wa Songea au Tanga akifia Kibondo, kumrudisha kwao ni kazi kubwa, kwa hiyo kila mwezi tunachanga. Mtu akifariki, chama kinafunga turubai, kinapika, kinatafuta gari, kinasafirisha. Nilikuwa nimechangia tangu nilipopangiwa hapa, na nilikuwa nimesindikiza wenzangu kadhaa. Mimi ni Mpare. Watu wanatutania kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na sikatai. Nikaenda kwenye kikao cha Jumapili.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Komba, ofisa ushirika, Mngoni, mtu wa utaratibu ambaye hata chai anaikoroga kwa zamu. Ilipofika mengineyo, nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba mnizike mapema."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Uchuro huo!" Nikaeleza shida yangu yote. Mzee Komba akasikiliza, akavua miwani.

"Mama Neema, tunakuhurumia sana. Lakini katiba yetu inasema chama kinatoa msaada mwanachama anapofariki."

"Basi subirini kidogo, mwenyekiti. Sitachelewa."

"Mama!"

"Nisikilizeni jamani. Nikifa mtanipeleka Same. Jeneza, gari, madereva wawili, wasindikizaji, chakula cha njiani, nchi nzima mnaikata. Mimi naomba tiketi moja ya basi la Mwanza na vidonge. Nisafirisheni nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ni nafuu kuliko nikiwa nimelala."

Pale pale joto likanikamata, na hasira juu yake. Nikatupa sweta. Nikavua kilemba, kichwa changu cha nywele fupi kikabaki wazi. Nikafungua kifungo cha juu cha blauzi ili nifikishe kitambaa shingoni. Mzee Komba akaruka kutoka kwenye kiti, akageukia ukutani, mikono usoni. Alidhani nawavulia nguo niwaachie laana ya mama mzazi.

"Mama Neema, usifike huko! Nakuomba! Tuzungumze!"

"Ni joto, mwenyekiti. Ni kidonge!"

Kikao kikavunjika mbavu. Hata yeye aligeuka anacheka, machozi yanamtoka. Halafu wanawake wakaanza kuniuliza maswali ya kweli: kinafanyaje, cha nini, ukikosa inakuwaje. Mwalimu Zuhura, mweka hazina, mtu wa Handeni na mtani wangu mkubwa, akasimama. "Huyu akifa sina wa kumtania," akasema. "Mimi napendekeza tumpe." Mikono ikanyoshwa, karibu yote. Nikaokota sweta langu, nikakaa chini.

Mzee Komba akakubali, kwa sharti moja. Utaratibu ufuatwe. "Hela ya chama hiki haijawahi kutoka bila turubai kufungwa na watu kukaa chini yake. Tukianza kuitoa kimyakimya, kesho mtu atasema imeliwa." Hakuna aliyembishia, maana alikuwa na haki.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata wakaja kwangu na kila kitu. Baba Neema alikuwa amebaki kazini wiki hiyo, na mimi, kwa hasira ya "tutaona", sikuwa nimemwambia lolote. Turubai la chama, lile linalojulikana mji mzima, likafungwa uani. Masufuria makubwa yakawekwa mafigani. Akina mama wakaja na kanga zao za sare. Sala ikasomwa ya Kikristo na dua ya Kiislamu. Na kwa kuwa utaratibu unasema mhusika hukaa ndani, Mzee Komba akaniamuru nikae ndani. Nikakaa. Nje namsikia Zuhura amejilaza mkekani anajifanya mimi: "Msinifunike, naiva! Nifungulieni jeneza, naiva!" Nilicheka mpaka mshono ukanivuta. Bahasha ikaletwa, tukapiga makofi, tukala pilau. Turubai likabaki mpaka kesho yake, utaratibu.

Kosa letu ni kwamba nyumba yangu iko kando ya barabara ya Kasulu. Kila aliyepita aliona turubai la kufa na kuzikana kwenye nyumba ya mwalimu mwenye kansa, akamalizia mwenyewe. Bodaboda wakapunguza mwendo, wakavua kofia. Kondakta wa basi la Kasulu aliona pia, na alikuwa anamfahamu Baba Neema. Akamkuta Makere na wakulima kwenye shamba la mfano, akashuka kabisa kwenye basi kumpa pole. Kutoka hapo habari ikaruka Kasulu mpaka Muyama kabla hatujaosha vyombo. Simu mimi sikupigiwa hata moja. Nani anampigia marehemu? Baba Neema aliniambia baadaye kwamba alishika simu, akaiweka, akaishika tena, lakini namba pekee aliyozoea kuipiga kila siku ilikuwa yangu.

Jumapili, karibu na adhuhuri, nilikuwa jikoni nasugua masufuria ya chama, Mzee Komba, Zuhura na wenzao wako uani wanakunywa chai kabla ya kufungua turubai. Nikasikia kilio kinakuja barabarani, kile kilio cha Waha cha kupokezana, sauti za akina mama wengi. Pikapu ikasimama nje. Nikashtuka, nani tena amefariki? Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka mbio kuwapokea wafiwa, machozi yameshaanza kunitoka kwa kuitikia. Mama wa kwanza akaniangukia kifuani, kichwa chini, analia kwa nguvu zake zote.

"Mkamwana wangu! Mkamwana wangu ameniacha!"

Nikampigapiga mgongoni. "Pole, mama, pole sana. Ni nani jamani?"

Akainua uso. Alikuwa Bibi.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Ukelele alioutoa, hata kuku wa jirani waliukimbia. Akina mama waliokuwa nyuma yake wakatawanyika, mmoja kibandani, mwingine chini ya pikapu, maharage ya ungo yakamwagika uani. Bibi peke yake hakukimbia. Alinishika mikono yote miwili, ananiminya, ananitazama macho, ananinusa kabisa.

Baba Neema alikuwa amekaa nyuma ya pikapu, kwenye ukingo, hajaweza kushuka. Nikamwita. Akashuka polepole kama mzee, akaja, akaniwekea kiganja shavuni. Na kwa mshtuko ule joto lilikuwa limenipanda hadi masikioni, jasho linatiririka.

"Una joto," akasema.

"Ni kidonge, Baba Neema."

"Una joto," akarudia. Akanikumbatia mbele ya mama yake, mbele ya Mzee Komba, mbele ya barabara nzima ya Kasulu, analia na kucheka. Sikumbuki mume wangu kunishika hivyo tangu tulipooana. Furaha iliyonijaa pale siwezi kuiandika, nakuambia tu ilikuwepo.

Watu walipotoka mafichoni na maharage yakaokotwa, tukawaketisha chini ya turubai. Walikuwa wamekuja na rambirambi kamili: maharage, mikungu ya ndizi, dumu la mawese, majogoo wawili, na hela zilizochangwa Muyama zimefungwa kwenye pindo la kanga ya Bibi. Mmoja wa shemeji zangu akanong'ona kwamba basi, kwa kuwa hakuna msiba, vitu vipakiwe virudi.

"Virudi wapi?" Bibi akamgeukia. "Nifike Muyama na maharage kichwani, niwaambie nini watu? Kwamba aliyekufa amekataa?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Kama hujafa, turubai hili ni la nini?"

Nikamjibu, "La vidonge, Bibi."

Mzee Komba akasimama kwa heshima, akamweleza yote, tangu kikao mpaka bahasha. Zuhura akaongezea kuhusu siku nilipokaribia kuwaachia laana. Bibi hakucheka. Alitazama turubai, akawatazama wale watu wa Songea na Handeni na Singida waliokuwa wameshika vikombe vya chai kwangu.

"Hawa si ndugu zako," akasema.

"Hapana, Bibi."

"Na mimi nilikataa." Akafungua pindo la kanga, akaweka zile hela mapajani mwangu, zote. "Shamba haliuzwi. Lakini kahawa yake ya kila kiangazi ni ya dawa yako mpaka hiyo miaka iishe. Ezekieli, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nimekulilia kutoka Muyama mpaka hapa," akaniambia. "Njia yote ile. Nilikuwa nawaza, nilimwambia aache, na ameacha, na amekufa. Sitaki kukulilia tena. Leo umemeza?"

"Bado, Bibi. Huwa nameza baada ya chakula."

"Lete."

Nikaenda ndani nikaleta chupa. Akaipokea, akatoa kidonge mwenyewe, akakigeuza kiganjani, kidogo vile, akatikisa kichwa. Akanipa, na maji kwenye kikombe chake.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua mdomo."

"Bibi, jamani, wageni wote hawa..."

"Fungua!"

Nikafungua, mwalimu mzima, ulimi nje, mbele ya ukoo wote wa Muyama na chama chote cha kufa na kuzikana. Bibi akanishika kidevu, akachungulia upande huu, akachungulia upande ule, akainua ulimi wangu kwa kidole. Aliporidhika kwamba kimeshuka, akaniachia, akawaambia akina mama wachinje majogoo.